Chekechea Inapotaka Kupanuka Katikati ya Makazi

Mada iliyotolewa mbele ya wakazi wa mitaa ya mpakani, Busia



Tumeombwa kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi wenu hamkulitarajia kutoka kinywani mwa polisi, yaani chekechea iliyomo katikati ya makazi inapotaka kuongeza madarasa. Mtu aweza kuuliza: je, wizi umekwisha na magendo yamekwisha, hata polisi wahangaike na shule za watoto wa miaka minne? Jibu letu ni fupi. Ugomvi wa chekechea huanza kwa maneno ya uani, na ukiachwa hufika kituoni: ukuta umebomolewa usiku, lango limezibwa kwa lundo la mchanga, mwalimu ametukanwa mbele ya wanafunzi wake. Na ajali ya chekechea, Mwenyezi Mungu apishe mbali, ikitokea huletwa kwetu kabla ya kupelekwa kwa mwingine yeyote. Hapa Uganda zimamoto ni idara ya polisi, trafiki ni idara ya polisi, na Kitengo cha Ulinzi wa Watoto na Familia kimo ndani ya vituo vyetu. Ni afadhali basi tukutane nanyi mapema, kikaoni, kuliko kukutana baadaye penye majivu.

Neno letu kuu leo ni moja. Anayeomba kupanua chekechea, anayeupinga upanuzi huo, na anayekalia kiti cha kuamua, wote wautazame mtaa ulio nje ya uzio kwa makini yale yale wanayoyatumia kukagua madarasa. Usalama wa mtoto hutegemea nyumba ya jirani, ghala la jirani na njia ipitayo mbele ya lango, kama unavyotegemea mwalimu na mlango.

Kwa nini chekechea zimo kati ya nyumba zetu

Kabla ya kulaumiana, inafaa tuelewe zilikotoka. Sheria ya Elimu ya Uganda ya mwaka 2008 inaitambua elimu ya awali kuwa ngazi ya kwanza ya elimu, lakini uendeshaji wake umeachwa mikononi mwa watu binafsi, mashirika, makanisa, misikiti na jumuiya za wazazi. Mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ulioanza mwaka 1997, uliwapokea watoto kuanzia darasa la kwanza. Mtoto wa miaka mitatu au minne hakujengewa jengo la serikali. Kwa ndugu zetu wa Kenya mambo yamepangwa vingine: Katiba yao ya mwaka 2010 imeifanya elimu ya awali kuwa jukumu la serikali za kaunti.

Matokeo yake tunayaona kila asubuhi. Mama anayeuza nyanya na dagaa hawezi kumbeba mtoto mgongoni siku nzima katikati ya msongamano wa wachukuzi na mikokoteni. Karani wa mizigo hutoka nyumbani kabla ya mapambazuko. Wote hao humtafuta mtu wa karibu, mwaminifu, atakayemtunza mtoto na kumfundisha herufi. Mwalimu mstaafu akifungua sebule yake kwa watoto 10, kesho huwa 20, na mwaka ujao huwa 50. Hapo ndipo ukumbi hugeuzwa darasa, gereji hugeuzwa jiko la uji, na kiwanja cha jirani huanza kuulizwa bei.

Kwa hiyo anayeomba kupanua chekechea hajafanya kosa kwa kuomba. Anajibu haja ya kweli ya mtaa wake. Na jirani anayeuliza maswali naye hajafanya kosa, wala hapaswi kuitwa adui wa watoto. Haja ya mmoja na amani ya mwingine zote zina nafasi katika sheria, na kuzipima zote mbili ni kazi ya uamuzi wa mipango.

Nani anayeamua

Hapa pana kuchanganyikiwa kwingi, nasi tungependa kupaweka wazi.

Polisi hawaamui. Hatutoi kibali cha kupanua shule, wala hatuna mamlaka ya kuifunga chekechea kwa sababu jirani amekasirishwa na kelele. Anayekuja kituoni kutuomba tukamfungie mwenzake lango atapokelewa kwa adabu na kuelekezwa kunakohusika.

Mwenyekiti wa mtaa naye haamui peke yake. Barua ya LC1 yenye muhuri ni utambulisho mwema. Inaonyesha kwamba viongozi wa kijiji wanamfahamu mwombaji. Lakini muhuri huo si kibali cha uendelezaji, na anayejenga kwa kuutegemea huo pekee anajenga juu ya mchanga. Hata hivyo tusiidharau halmashauri ya kijiji, kwa maana kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe wa baraza la kijiji chake. Tena makamu mwenyekiti wa LC1 ndiye, kwa mujibu wa sheria, katibu wa ustawi wa watoto. Wangapi kati yetu tulikuwa tukilijua hilo? Mtu wa kwanza wa kuulizwa habari za chekechea ya mtaa ameketi hapa mbele yetu.

Mwenye kuamua ni kamati ya mipango. Sheria ya Mipango ya mwaka 2010 imeitangaza nchi nzima kuwa eneo la mipango, si miji mikubwa peke yake. Hakuna ruhusa ya kuendeleza kiwanja pasipo kibali cha kamati hiyo, na kubadilisha matumizi ya jengo, kutoka nyumba ya kulala familia moja hadi shule ya watoto 100, kunahesabiwa kuwa uendelezaji hata kama hakuna tofali jipya lililowekwa. Baada ya kibali hicho hufuata kibali cha ujenzi, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya mwaka 2013, na jengo likikamilika hufuata kibali cha kulitumia. Ofisi ya elimu nayo ina ukaguzi na usajili wake. Kila hatua ina jicho lake: ya kwanza hutazama mahali, ya pili hutazama ramani ya jengo, ya tatu hutazama jengo lenyewe kama lilivyosimama, na ya nne hutazama mafunzo na malezi.

Upande wa pili wa mpaka, ombi la kubadilisha matumizi ya ardhi hupelekwa katika serikali ya kaunti, chini ya sheria ya mipango ya mwaka 2019. Majina ya ofisi yanatofautiana, lakini shabaha ni ile ile: jambo litazamwe kabla halijafanyika.

Malalamiko yenye uzito na yasiyo na uzito

Kamati ya mipango inaweza kukubali ombi, kulikataa, au kulikubali kwa masharti. Ili iamue kwa haki, inahitaji kusikia mambo yanayopimika. Tumesikiliza malalamiko mengi kutoka mitaa ya mpakani, nasi twaweza kuyagawa mafungu mawili.

Yako malalamiko yenye uzito. Njia ya mtaa ni nyembamba, na magari mawili hayapishani. Shimo la choo liko karibu na kisima. Maji ya mvua kutoka paa jipya yataelekea nyumba ya bondeni. Ukuta wa darasa utagusa ukuta wa chumba cha mgonjwa. Kengele na ngoma zitaanza saa moja asubuhi, na jirani ni mlinzi aliyekesha kazini. Haya yote mtu anaweza kwenda kuyaona, kuyapima kwa futi na kuyatafutia dawa.

Na yako maneno yasiyo na uzito, japo husemwa kwa sauti kubwa. Mwenye shule si kabila letu. Watoto wengi wanatoka ng'ambo. Dini yake si yetu. Amepata fedha haraka mno. Mjukuu wangu anasoma shule nyingine, na hii itaichukulia wanafunzi. Maneno hayo hayana mahali pa kuandikwa katika fomu ya pingamizi. Baadhi yake, yakirudiwa mbele ya umati wenye hasira, huweza kumfikisha msemaji mbele ya sheria yeye mwenyewe.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inawalinda wote wawili. Ibara ya 39 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Jirani aweza kuitegemea. Ibara ya 42 inampa kila anayefika mbele ya afisa au chombo cha utawala haki ya kutendewa kwa uadilifu, na ya kwenda mahakamani asiporidhika. Mwombaji aweza kuitegemea, na jirani pia. Na ibara ya 34 inazungumzia haki za watoto. Hao ndio wasioitwa kikaoni, nao ndio watakaolala ndani ya jengo hilo kila adhuhuri.

Yaliyo nje ya uzio

Sasa tuingie katika kiini cha maneno yetu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Chekechea ina watoto 40, na mwenyewe anaomba kuongeza madarasa mawili ili wafike 90. Ramani imechorwa vizuri, vyoo vimehesabiwa, rangi imechaguliwa. Kamati inakuja, inakagua, inaridhika. Lakini nyuma ya ukuta wa darasa jipya, umbali wa hatua tano, kuna chumba kisicho na dirisha. Ndani yake mna madumu ya petroli yanayosubiri usiku uingie.

Kila mkazi wa mpakani anajua kwamba bei ya mafuta inapopishana kati ya pande mbili, madumu huanza kutembea gizani, na chumba cha kupanga hugeuka ghala. Anayeuza anajua, anayenunua anajua, jirani anajua kwa pua yake. Anayekosa kujua ni mchoraji wa ramani, kwa kuwa ramani yake inaishia kwenye uzio.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupai juu kama moshi. Hutambaa chini, hupita chini ya mlango, hukusanyika penye bonde, na ukikuta jiko la mkaa lenye uji wa watoto hurudi na moto hadi dumu lilipo. Ukuta wa matofali hauzuii kitu kinachopita chini ya lango.

Mtu asidhani kwamba tunatia chumvi. Mfano ulio wazi kuliko yote haukutokea Uganda wala Kenya. Ulitokea Meksiko, katika mji wa Hermosillo, tarehe 5 Juni 2009. Kulikuwa na kituo cha kulelea watoto kilichoitwa ABC, katika jengo lililokuwa likitumiwa pia kama ghala. Moto haukuanzia kwa watoto. Ulianzia upande wa pili wa ukuta, katika ghala la serikali ya jimbo, ukaenea hadi chumba walimokuwa wamelala. Watoto 49 walipoteza maisha. Walezi wao walikuwa kazini. Hawakuwa wameacha jiko wala mshumaa. Hatari ilikuwa kwa jirani.

Tunautaja msiba huo wa mbali kwa sababu somo lake ni la karibu. Kamati ikija kukagua, swali la kwanza liwe: nyuma ya ukuta huu kuna nini? Na wa kulijibu ni nyinyi. Tunajua kuna uzito. Mwenye ghala aweza kuwa shemeji, mteja, au mtu anayetudai. Aweza pia kuwa ndiye anayelipa karo ya mtoto wetu katika chekechea ile ile. Ndiyo maana tunasema mbele ya wote: anayetuletea habari za hifadhi ya mafuta karibu na watoto hatutalitaja jina lake, wala hatutampigia simu mbele za watu. Akiona vyema, amwambie makamu mwenyekiti wa LC1, naye atuletee habari hizo kama zake.

Hapa lazima tuwe waangalifu, haki isije ikapinduka. Mtu aweza kusema: kwa kuwa pana madumu, chekechea inyimwe kibali. Huo si uamuzi mwema, maana mhalifu atakuwa ameshinda na watoto watakuwa wameadhibiwa. Penye hifadhi haramu, kinachoondolewa ni mafuta. Lakini penye kituo halali cha mafuta, chenye leseni, kilichokuwepo kabla ya shule, mambo hugeuka. Mwenye chekechea asiupeleke ukuta wake kukifuata halafu akadai kihamishwe. Atafute upande mwingine wa kupanukia, au kiwanja kingine. Aliyetangulia kihalali ana haki yake.

Njia na lango

Jambo la pili la nje ya uzio ni njia. Mji wetu ndio uliolipa ulimwengu neno boda boda, tangu siku za baiskeli zilizovusha abiria kutoka kizuizi hadi kizuizi. Tunajivunia jina hilo. Lakini pikipiki moja yenye watoto wanne, mmoja amekaa juu ya tangi la mafuta, si jambo la kujivunia. Chekechea ikiongeza watoto 50, tuhesabu pia pikipiki zitakazoongezeka mlangoni kati ya saa moja na saa mbili asubuhi, wakati ule ule malori ya kuelekea Kampala, Kigali na Juba yanapojipanga foleni.

Mara nyingi dawa ni nyepesi kuliko ugomvi. Lango likihamishwa kutoka barabara kuu hadi kichochoro cha nyuma, hatari hupungua. Ukuta ukirudishwa ndani hatua chache, hupatikana mahali pa kushushia watoto pasipo kuziba njia ya jirani. Nyakati za kuingia zikigawanywa, wadogo saa mbili na wakubwa saa moja na nusu, msongamano huvunjika. Maafisa wetu wa trafiki wako tayari kuja kusimama na mwombaji na majirani mahali penyewe, asubuhi, kabla ombi halijapelekwa, na kuwaeleza wanachokiona. Huduma hiyo haina malipo. Afisa yeyote atakayeomba chochote kwa ajili yake, tuleteeni habari zake.

Yaliyo ndani ya uzio

Hatuwezi kuzungumza juu ya watoto na majengo bila kuwakumbuka waliotutoka. Machi 2001, katika shule ya sekondari ya Kyanguli nchini Kenya, wavulana 67 waliteketea bwenini. Aprili 2008 moto uliwaua wasichana wadogo wa Budo Junior, hapa kwetu. Oktoba 2022 watu 11 walikufa katika shule ya wasioona ya Salama, Mukono. Hayo yalikuwa mabweni, tena usiku. Lakini chekechea nayo ina saa yake ya usingizi, adhuhuri, mapazia yamefungwa na walezi wako jikoni.

Mtoto wa miaka mitatu haukimbii moto kama mtu mzima. Hujificha chini ya kitanda, nyuma ya kabati, au hukimbilia kona aliyoizoea. Kwa hiyo jengo lake lapaswa kumsaidia zaidi. Kila chumba cha kulala kiwe na njia mbili za kutokea. Milango ifunguke kwa nje, wala isitiwe kufuli watoto wakiwamo. Nondo za madirisha, ambazo mpakani tunazipenda kwa ajili ya wezi, ziwe na dirisha moja linalofunguka kwa ndani bila ufunguo. Jiko litengwe na madarasa. Na walezi waongezeke watoto wanapoongezeka, kwa maana mlezi mmoja ana mikono miwili tu, na katika moshi hawezi kubeba zaidi ya watoto wawili.

Yapo pia madhara ya upanuzi ambayo watu huyasahau. Madarasa mapya hujengwa wapi? Mara nyingi hujengwa uwanjani. Upanuzi huula uwanja wa kuchezea, na uwanja ndio mahali pa kukusanyikia wakati wa hatari na pa kuhesabia watoto waliotoka. Shule inakuwa na watoto mara mbili na mahali pa kukimbilia nusu. Kamati na iulize: watoto 90 watasimama wapi? Kama jibu ni barabarani, ramani irudishwe kwa mchoraji.

Mtoto na mpaka

Wapo watoto wanaovuka mpaka kila siku kwenda chekechea, wengine wakiwa wameshikwa mkono na dada wa miaka tisa. Undugu wetu wa pande mbili ni neema, wala hatutaki kuuvunja. Lakini chekechea ya watoto 20 humjua kila mzazi kwa sura. Ya watoto 90 haiwezi. Anayekuja saa tisa alasiri na kusema, mimi ni mjomba wake, nimetumwa, atatambuliwaje?

Tunaomba masharti ya upanuzi yasiishie kwenye saruji na mabati. Chekechea inayokua iwe na daftari la kupokea na kukabidhi watoto, lenye majina ya watu wawili au watatu walioruhusiwa na mzazi, na namba zao za simu za upande wowote wa mpaka. Mtu asiyeandikwa asikabidhiwe mtoto, hata akija na pipi, hata akilitaja jina la bibi. Anayemshuku mtu apige simu 999 au 112, au namba ya watoto ya Sauti, 116, isiyo na malipo.

Uamuzi ukishatolewa

Mwisho wa yote kamati itaamua, na mmoja hatafurahi. Njia ya rufaa ipo. Huenda kwenye ngazi ya juu ya mipango, na kutoka hapo mlango wa Mahakama Kuu haujafungwa. Njia hiyo ni ndefu kuliko kubomoa ukuta usiku, lakini aliyebomoa ukuta amejigeuza mshitakiwa, na hoja yake njema kuhusu choo na kisima haitasikilizwa tena na mtu. Vivyo hivyo mwenye shule anayejenga mwishoni mwa juma ili kamati imkute amekwisha kuezeka ajue kwamba bati halihalalishi jengo.

Nasi tunawaahidi kipimo kimoja. Tutamlinda mwenye kibali anapojenga alichoruhusiwa, hata kama mtaa mzima umenuna. Tutamlinda jirani anayepinga kwa njia ya sheria, hata kama mwenye shule ana marafiki wakubwa.

Kabla ya kikao kijacho tunawaomba mambo manne. Mwenye shule aizungukie nyumba yake pande zote nne, abishe hodi kwa majirani na kuwaeleza kwa kinywa chake idadi ya watoto anayoikusudia. Majirani waandike wasiwasi wao kwa maneno yanayopimika, wakitaja mahali na saa. Makamu mwenyekiti wa LC1 aorodheshe kila kilichopo nyuma ya kuta za kila chekechea ya kijiji chake. Na wazazi waende siku moja adhuhuri, bila taarifa, waone milango iko wazi au imefungwa watoto wao wanapolala.

Maafisa wetu wa zimamoto na wa ulinzi wa watoto watabaki hapa baada ya mkutano. Mwenye swali asilolipenda kuliuliza mbele ya watu awafuate.

 Kwa Mungu na Nchi Yangu.